Nyongeza ya Mama Hadjara

Siku hiyo habari ilifika Senati kabla kahawa haijachemka, tena ilifikia mfukoni mwa suruali ya Swedi.

Senati ni benchi moja tu, ubao uliokuwa ubavu wa mtumbwi kabla mtumbwi haujachoka na dunia. Umelazwa juu ya matofali pembeni mwa vichanja vya kuanikia ndagala, wale dagaa wa ziwani, Rumonge, mahali ambapo ukitema mate kwa nguvu yanafika ziwani. Waliliita Senati kwa sababu pale hujadiliwa kila kitu na hakipitishwi chochote. Mwenye birika ni Batuli, mama wa makamo ambaye simu yake ina tochi na mlio tu, lakini taarifa zote za pwani humfikia yeye kwanza.

Simu ya Swedi ililia mara moja, mlio wa kijinga kama wa kifaranga kilichokanyagwa. Akasoma. Akairudisha mfukoni. Akaitoa tena akasoma upya, kana kwamba maneno hupendeza yakipumzishwa kidogo.

"Rezo," alisema Tadeo, "sura hiyo ni ya mtu aliyeandikiwa na daktari, au na mke?"

Swedi walimwita Rezo kwa sababu ndiye aliyejua kona ipi ya mtaa inashika rezo, yaani mtandao, vizuri, na kwa sababu tangu anunue simu kubwa hajawahi kuwa na hoja isiyoanzia humo. Kazi yake ni fundi wa mashine za boti. Boti ikigoma katikati ya maji huitwa yeye, na yeye, kabla ya kugusa spana, huuliza kwanza simu.

"Ni kampani," alijibu.

"Kampani gani tena?"

"Ile ya Bujumbura, ya kuuza kwa simu. Ndagala Direkti."

Batuli akaacha kupuliza mkaa. "Soma kwa sauti. Hapa Senati hakuna barua ya siri."

Swedi akasoma, sauti ikipungua kila neno. "Muuzaji Hadjara. Mizigo thelathini na moja kati ya thelathini na nne, uzani haulingani na komande. Nyota moja kwa tano. Hili ni onyo la mwisho. Kosa likirudiwa kwenye mizigo ya leo saa kumi, muuzaji ataondolewa."

Hadjara huyo hakuwa Hadjara wa mbali. Alikuwa mama wa Shadia, mke wa Swedi. Ndagala zake zilijulikana kuanzia Nyanza-Lac mpaka Gitaza kwa kutokuwa na hata punje moja ya mchanga. Na aliyemwingiza kwenye aplikasiyo hiyo, wiki tatu zilizopita, kwa maneno matamu kama ya mtu anayeposa mara ya pili, alikuwa Swedi mwenyewe. Hata namba aliyoiandikisha ilikuwa yake, kwa kuwa simu ya mkwe wake nayo ni ya tochi.

"Nyota moja," Tadeo alisema polepole, akiionja. "Hata gesti yenye kunguni hupewa mbili."

"Tufafanue kwanza," alisema Hamidu. Aliwahi kuwa direkta wa shule ya msingi, akastaafu, lakini ubao mweusi haujawahi kuondoka nyuma ya kichwa chake, ndiyo maana bado wanamwita Direkta. "Uzani umepungua?"

"Hapana, Direkta. Umezidi."

"Umezidi namna gani?"

"Kliyan anaagiza komande ya kilo moja kwa simu. Mama anapima kilo moja, kisha anatia nyongeza."

"Kama desturi."

"Kama desturi. Sasa ikifika depo, ghala lao la Bujumbura, balansi inapima, inasema kilo moja na gramu mia na kitu. Mashine inaona hiyo si kilo moja. Inaandika kosa."

Batuli alikuwa anamimina. Kikombe kikajaa, kikamwagika, hakuona. "Ngoja kwanza. Mama Hadjara iko anahukumiwa kwa sababu ametoa zaidi?"

"Mashine haijui zaidi wala pungufu, dada Batuli. Inajua sawa na si sawa."

"Na ile iliyozidi inakwenda wapi?"

"Wanaipunguza kule depo."

"Halafu?"

Swedi akajikuna kisogo. "Hapo haijaandikwa."

"Basi iko watu depo wanakula ugali mzuri sana," alisema Batuli, na ndipo akaiona kahawa iliyomwagika.

Mtu asiyewahi kununua ndagala pwani ile huenda akauliza: gramu mia za samaki wadogo kama kucha zina uzito gani hata zilete maneno? Kwa watu wa Rumonge, kilo ni haki yako, umeilipia, ichukue uende. Nyongeza ndiyo inayosema mwuzaji amekuona. Akishapima, huzamisha mkono kwenye kapu bila kutazama, hutoa konzi moja, huitupa juu ya kilo yako huku akiuliza habari za watoto. Mwuzaji asiyetoa nyongeza utanunua kwake mara moja. Mara ya pili utapita mbele ya meza yake ukikohoa na kutazama mawingu.

"Fabiano je?" aliuliza Direkta. "Naye si yumo humo?"

Swedi akaanza kufuta kioo cha simu kwa shati. Fabiano ni yule wanayemwita Mchanga. Yeye hana kichanja. Ndagala zake huanikwa chini, palepale ufukweni, na wakati wa kuzikusanya hukusanya kila kilichopo.

"Rezo, umeulizwa," alisema Direkta.

"Mchanga ana nyota tano."

Tadeo aliinuka, akazunguka benchi, akakaa tena. Alihitaji matembezi.

"Kilo yake ni kilo kamili," Swedi alijitetea. "Haizidi wala haipungui."

"Robo ya kilo hiyo ni ufukwe," alisema Tadeo. "Yule hauzi samaki, ndugu zangu, yule anahamisha nchi kijiko kwa kijiko. Tukikaa kimya miaka kumi hivi, tutaamka asubuhi tukute Rumonge imekwisha, tuifuate Bujumbura kwenye masufuria ya watu."

"Mashine haina meno," alisema Direkta kwa huzuni. "Ingekuwa na meno ingejua."

"Mimi nilisema toka mwanzo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," alisema Tadeo.

"Siku hizi," alisema Batuli, "kizuri kinakaa nyumbani kinangoja rezo."

"Kule Kasulu..." alianza Tadeo, na benchi zima likaguna. Alikulia kambini, Tanzania, akarudi mtu mzima akiwa na Kiswahili kilichonyooshwa kwa pasi, na kila jambo la dunia hii alikuwa ameliona Kasulu, tena likiwa bora zaidi. "Kule Kasulu mizani ilikuwa inamjua mtu."

"Kasulu kila kitu kilikuwepo," Batuli alimkata. "Sasa weye ulirudi kufanya nini?"

"Nilirudi kuwaambia."

"Umesikika. Kunywa."

"Nasema tu. Huyu Rezo aliniambia hata mimi niuzie mawese kwenye simu. Nikapiga picha bidoni zangu zikiwa zimepangwa kama wanafunzi. Mtu wa Gitega akaandika: rangi imenipendeza, nitumie na harufu. Mpaka leo nasubiri Rezo anionyeshe kibonyezo cha harufu."

"Teknolojia ni safari, Tadeo," alisema Swedi.

"Ni safari, ndiyo, na kampani hiyo haijui hata njia. Mwezi uliopita si walitangaza bei ya sherehe siku ya mwezi mpevu? Watu wakaagiza mji mzima. Ndagala hufuata taa gizani, sasa wafuate taa gani wakati mbingu yote inawaka? Nyavu zilikuwa zimeanikwa, wavuvi wanacheza karata, simu inapiga kelele: fanya haraka, fanya haraka."

Direkta akainua kidole, ishara kwamba somo linaanza. "Tusiichukie sayansi. Biashara ya kisasa ni kipimo. Mimi naona mama Hadjara aache nyongeza. Apime kilo, afunge, basi. Kwa wiki moja nyota zitarudi."

"Nani atamwambia hivyo?" aliuliza Batuli.

Direkta akashusha kidole.

Wote wakamtazama Swedi, na Swedi akatazama viatu vyake. Haikuwa siri mambo yalivyokuwa nyumbani kwake. Onyo la kwanza lilipoingia, Shadia alimpa chai isiyo na sukari. Onyo la pili, alimpa sukari kwenye kikombe, bila chai, akamwambia aikoroge na simu yake. Hili la tatu lilikuwa dakika tano tu tangu lizaliwe, na tayari alihisi njaa ya kesho. Lakini njaa haikuwa kitu. Mama mkwe yule alimpa binti yake wakati Swedi hana hata spana ya kwake mwenyewe. Jina lake lilikuwa safi pwani nzima kwa miaka thelathini, na yeye Swedi, mukwe mwenye akili nyingi, alikuwa amelichafua kwa wiki tatu.

"Tutafute namna ya kumwambia taratibu," alisema. "Labda jioni, kupitia kwa Shadia."

"Ameshajua," alisema Batuli, akitazama upande wa vichanja.

"Nani amemwambia? Ujumbe umeingia kwangu peke yangu."

"Mchanga naye alipata wake wa kupongezwa, na majina ya walio mkiani yameandikwa chini yake. Amekwenda kumpa pole mama. Nimemwona akipita amevaa shati la Ijumaa." Batuli akapanga vikombe upya. "Na yule anayekuja huku na kapu ni nani kama si yeye?"

Swedi aliruka kutoka kwenye benchi kama aliyekalia msumari. Adabu ya kwao iko wazi: mukwe mwanamume hatazamani na mama mkwe uso kwa uso, wala hazungumzi naye moja kwa moja. Miaka kumi na moja ya ndoa hajawahi kumtupia hata neno moja lisilopita kwa mtu mwingine. Hakukuwa na mahali pa kukimbilia, mbele maji, nyuma mama. Akavuta bidoni moja ya Tadeo, dumu la mawese lililokuwa kando ya benchi, akaikalia, akageuzia mgongo watu na uso ziwani, mtu anayehesabu mawimbi.

Mama Hadjara alifika akichechemea kidogo. Akaweka chini kapu la ndagala na balansi ndogo waliyopewa na kampani, akavuta khanga upande wa Swedi ikawa pazia, akakaa.

"Amahoro, Batuli."

"Amahoro, mama. Goti iko namna gani leo?"

"Linanikumbusha kwamba lipo. Murakoze kuuliza."

Direkta akamwamkia kwa heshima zote. Tadeo alimtazama, akamtazama Swedi na bidoni yake, akaficha kicheko ndani ya kikombe.

"Batuli," alisema mama Hadjara, "mwambie mukwe wangu nimesikia nina nyota moja."

Swedi alikuwa hatua mbili tu kutoka pale. Batuli aligeuka, akauambia mgongo wake, "Mama anasema amesikia ana nyota moja."

"Mwambie mama ni kweli, na ninaomba radhi."

"Anasema ni kweli, na anaomba radhi."

"Mwambie mbinguni iko nyingi, na mimi sikuomba hata hiyo moja. Nilikuwa nauza bila nyota na watu walikuwa wanaona njia."

"Anasema alikuwa anauza bila nyota."

"Nimesikia," alisema Swedi kwa ziwa.

"Hapana, subiri uambiwe," alisema Tadeo. "Hii ndiyo rezo ya kwanza duniani. Haikatiki wala haihitaji mnara."

Direkta akakohoa. Kwa kuwa hakuna mwingine aliyethubutu, akasema lake: pengine, kwa kuheshimu kipimo, nyongeza ingesimamishwa kwanza.

Mama Hadjara akamgeukia. "Direkta, umenunua kwangu miaka mingapi?"

"Ishirini na mbili, mama."

"Na kati ya kwetu na kwako kuna wauzaji wangapi?"

"Sita. Saba, tukimhesabu Mchanga."

"Ulikuwa unawapita wote saba kwa ajili ya kilo? Wao hawana kilo?"

Direkta akachungulia ndani ya kikombe chake muda mrefu, mtu aliyepoteza kitu humo. "Nilikuwa nafuata nyongeza," alikiri.

"Basi kunywa kahawa, mwalimu." Akaigeukia tena rezo yake. "Batuli, muulize mukwe wangu: humo ndani ya simu, kila bidhaa ina mahali pake na jina lake?"

"Ina," alisema Swedi kabla hajaulizwa, kisha akasubiri Batuli aulize, akajibu tena. "Ina, mama. Picha, jina, bei."

"Basi nyongeza iwe bidhaa. Ikiwa mashine haitaki kuiona juu ya kilo, iione pembeni. Aandike."

Swedi alisisimka mpaka karibu ageuke. Wazo lilikuwa safi, na lilikuwa limetoka kwa mwanamke ambaye simu yake ina tochi. Batuli alishika simu mbele ya kapu, mama Hadjara akachota konzi moja, picha ikapigwa: mkono, pete ya fedha, ndagala zinang'aa. Simu ikarudi kwa Swedi juu ya sinia la vikombe, maana hata kupokea kitu mkononi mwao kuna adabu yake. Akaandika: Nyongeza ya Mama Hadjara, konzi moja. Bei, sifuri.

Mashine ikakataa. Hakuna kitu cha sifuri duniani, ilisema, kwa Kifaransa.

"Faranga moja," aliagiza mama Hadjara kupitia kwa Batuli.

Mashine ikakubali.

Hawakumaliza hata kikombe. Kifaranga kikalia mfukoni. Swedi akatoa simu, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu adhuhuri. "Komande ya kwanza. Nyongeza, moja."

"Na kilo ngapi?" aliuliza Direkta.

Swedi akasogeza kidole juu, akasogeza chini. "Kilo hakuna."

Kifaranga kikalia tena. Nyongeza, mbili. Kilo hakuna. Kikalia, kikalia, kikawa banda zima la kuku. Buyenzi, nyongeza tatu. Ngagara, nyongeza moja. Mtu mmoja wa Kinama aliagiza nyongeza sita na kuuliza kama wana mfuko mkubwa.

"Wamefika arubaini na watatu," alisema Swedi. "Wote nyongeza. Hakuna hata mmoja aliyenunua kilo."

"Bujumbura ni mji wenye akili," alisema Tadeo. "Siku zote nilikuwa nawadharau."

"Na usafiri analipa nani?" aliuliza Batuli.

"Kampani. Mwezi wa kwanza usafiri wote iko juu yao."

Swedi aliinamisha kichwa juu ya bidoni. Sasa hakuwa tu amemchafua mkwe wake. Alikuwa amemfanya agawe samaki bure mji mzima, kwa faranga moja moja, na saa kumi ilikuwa inakuja. Nyuma yake alisikia sauti ya kitu kinachotikisika taratibu. Alidhani mama mkwe analia. Hakuthubutu kugeuka.

"Anacheka," Batuli alimnong'oneza.

"Mwambie mukwe wangu," alisema mama Hadjara alipopata pumzi, "kila mtu apelekewe konzi yake. Ndagala haijitetei kwa maneno, inajitetea mdomoni. Atakayeionja atarudi kutafuta kilo."

Hapo simu ililia mlio mwingine, wa mtu mzima. Swedi akaiweka sauti nje. Alikuwa enjenyeri wa kampani, kijana wa mjini mwenye sauti ya mtu aliyelala akikumbatia kompyuta.

"Allo, huyo ni muuzaji Hadjara? Iko nini huko kwenu? Nina kamyoneti moja tu. Mizigo arubaini na mitatu ya konzi tupu, nitaipanga wapi? Naomba niongee na mama moja kwa moja."

"Haiwezekani," alisema Swedi. "Hata mimi siwezi."

"Iko mbali?"

"Iko hapa nyuma yangu."

Kijana akatafuta sehemu ya shule yake iliyofundisha jambo hilo. Kisha akakubali yaliyopo. Akawa anamwambia Swedi, Swedi anaambia ziwa, Batuli anamwambia mama, na jibu linarudi njia ileile. Tadeo aliwafuata kwa shingo kama anayetazama mpira.

"Mama anasema ataitoa hiyo bidhaa," Swedi alieleza mwishoni, "lakini hao arubaini na watatu watapewa, ameshawaita wageni. Na mashine yenu ijifunze nyongeza."

"Sawa, sawa. Nitaiambia mashine ikubali kuzidi. Nipeni namba. Nyongeza moja ni gramu ngapi?"

Swali lilipomfikia, mama Hadjara aliona ni la haki. Akavuta balansi, akazamisha mkono kapuni bila kutazama, akamwekea Batuli konzi. Gramu mia na hamsini. Akazamisha tena, ya Direkta. Gramu mia. Akazamisha mara ya tatu, ya Tadeo. Gramu arubaini.

"Samahani," alisema Tadeo. "Yangu imekuwaje?"

"Batuli aliniuliza goti. Direkta aliniamkia. Weye ulinitazama ukacheka."

"Nipeni namba moja," kijana aliomba kutoka kwenye simu. "Ipi ndiyo sahihi?"

"Mama anasema zote."

"Mashine inataka moja."

"Mama anasema inategemea salamu."

Direkta akaangalia kama rezo imekatika. Haikuwa imekatika. Mtu alikuwa anafikiri.

"Iko ile nafasi ya kuandika ujumbe kwa muuzaji," alisema kijana hatimaye, na sauti yake ilikuwa imeamka. "Iko toka mwanzo, hakuna anayeijaza, mimi mwenyewe nilitaka kuifuta. Nitaifanya ya lazima. Mtu asiposalimia, komande haiendi. Na uzani wa juu nitauacha wazi. Kupungua ndiyo kosa. Kuzidi si kosa."

"Na nyota?"

"Kama kuzidi si kosa, makosa yake thelathini na moja yamekufa. Nyota zitarudi zenyewe. Mnipe dakika ishirini, nitatuma komande ya kujaribu."

Swedi aliirudisha simu juu ya sinia, na Batuli akaishika yeye sasa, kama mtu aliyeapishwa. Dakika ishirini zikapita, mama akifunga konzi za wale arubaini na watatu katikati ya mabishano: Tadeo alidai apimiwe upya, akaambiwa asalimie kwanza, akasalimia, akaambiwa salamu ya kuombea haihesabiwi. Kisha kifaranga kikalia.

"Ni enjenyeri," alisema Batuli. "Kilo moja. Pale pa salamu ameandika: jaribio, moja, mbili, tatu."

Mama Hadjara akapima kilo. Akafikiri. Akachagua ndagala mmoja, akaweka juu. Akachagua wa pili. Akachagua wa tatu.

"Kila namba na samaki wake," alisema, akafunga.

Katikati ya kicheko cha benchi zima, Swedi alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka. "Tadeo, niazime simu yako."

"Yako imeharibika?"

"Niazime tu, ndugu yangu."

Akapewa. Akaandika. Akafuta. Akaandika tena, vidole vizito ambavyo boti nzima huvitegemea vikitafuta herufi moja moja. Akabonyeza. Na hatua mbili nyuma yake, mkononi mwa Batuli, kifaranga kikalia.

Batuli akasoma kimya, akamtazama yule mgongo juu ya bidoni, kisha akasoma kwa sauti, taratibu, bila utani. "Kilo moja. Asalam aleikum mama. Goti iko namna gani? Nisamehe hizi wiki tatu. Jina lako ni safi kuliko simu yangu. Ni mimi, mukwe."

Mama Hadjara hakugeuka wala hakutuma jibu kupitia kwa mtu. Alipima kilo. Swedi, macho ziwani, alisikia kapu likikwaruzwa, na konzi ikidondoka juu ya karatasi, ile sauti ya mvua ndogo juu ya bati. Kisha akasikia kapu likikwaruzwa tena, na mvua ya pili, nzito kuliko ya kwanza. Mama mkwe alikuwa ametumia mikono yote miwili.

Honi ya kamyoneti ikalia barabarani. Mama Hadjara akafunga mizigo yake kapuni, akainuka, akamuaga Batuli, akamuaga Direkta, na Tadeo akawahi kumbebea kapu kabla hajaambiwa. Aliporudi, mdomo wake ulikuwa unatafuna.

"Amenipa," alisema. "Mia na kumi. Nimebeba kapu."

Swedi sasa aliweza kugeuka. Akanyoosha mkono kwa Batuli. "Haya, nipe mzigo wangu."

"Mzigo gani? Umekwenda."

"Umekwenda wapi? Mimi si niko hapa?"

Batuli akamgeuzia kioo. "Imeandikwa: kutoka Rumonge kwenda Rumonge, kupitia depo ya Bujumbura. Utafika keshokutwa."

Wakatazama barabara. Kamyoneti ilikuwa inakata kona kuelekea kaskazini na mizigo yake arubaini na mitatu ya konzi, na kilo moja yenye mvua mbili juu yake.

"Hatua mbili," alisema Tadeo kwa heshima. "Kule Kasulu..."

"Sistemu ni sistemu," Direkta alimkatiza, akikung'uta suruali.

Adhana ya alasiri ikaanza. Direkta akaondoka kwa mwendo wa mtu anayekwenda kufunga darasa, Tadeo akachukua bidoni yake iliyokuwa bado na joto la mukwe. Batuli alikuwa anasuuza vikombe simu ilipolia tena. Akaisoma bila kuomba ruhusa, kwa kuwa sasa alikuwa mtu wa rezo.

"Ni Shadia. Anasema mama amempigia, uende nyumbani. Chai iko, sukari iko." Akamrudishia simu. "Anauliza, na hizo ndagala unazileta saa ngapi?"

Swedi alifikiri kidogo, akaandika: keshokutwa.